Faili Lililofungwa Kesi Ikiendelea

Hotuba hii, kuhusu kuirudisha ikiwa filamu ya sinema tamthilia yetu ya upelelezi ya runinga iliyokatizwa, niliitoa Jumamosi iliyopita hapa Nairobi, mbele ya waandishi, waigizaji na watayarishaji wa filamu. Wengi hawakuweza kufika kwa sababu ya mvua na msongamano wa magari katika Barabara ya Thika, kwa hiyo naiweka hapa yote kama nilivyoisema, bila zile picha za ukutani ambazo hata siku yenyewe mtambo ulikataa kuzionyesha.

Mwenyekiti wa kikao, wazee wetu wa fani, wenzangu wa kalamu na kamera, hamjambo.

Naomba nianze na simu. Wale mliotazama tamthilia yetu mtakumbuka sehemu ya mwisho. Inspekta wetu, mama wa makamo aliyestaafishwa polisi kabla ya wakati wake, ameketi katika ofisi yake iliyo juu ya duka la vipuri, Kirinyaga Road. Anamimina chai ya tangawizi kutoka katika thamosi. Simu inalia. Anaiinua kwa mkono wa kushoto, anasikiliza, na mkono wa kulia umesahau kwamba unamimina. Kikombe kinajaa, kisahani kinajaa, chai inatambaa juu ya meza hadi kwenye faili la kesi. Anasema, "Nilijua ungepiga." Picha inakatika.

Huo ulikuwa mwisho wa msimu wa pili. Msimu wa tatu haukuja, na sasa ni miaka sita. Mlinzi wa lango katika mtaa ninakoishi, kila ninaporudi usiku, hafungui kwanza. Huniuliza, "Mwalimu, ni nani aliyepiga simu?" Nikimwambia sijui, hunijibu, "Basi aliyeandika ni nani?"

Mmeniita nizungumzie jinsi ya kuirudisha tamthilia ya upelelezi iliyokatizwa, safari hii ikiwa filamu ya sinema. Ninaloliamini nitalisema mapema, ili atakayelala baada ya chakula asilikose: hatufufui tamthilia, tunafufua swali. Na swali lile lina wenyewe wawili. Mmoja ana karatasi yake kabatini, mwingine ameketi nyumbani akisubiri jibu. Ukimsahau mmoja wao, filamu yako haitatoka, au itatoka na ingekuwa heri isingetoka.

Kwanza tuulize, tamthilia hufa kwa nini? Mwaka 1982 kituo cha ABC cha Marekani kilirusha tamthilia ya kuchekesha iliyoitwa Police Squad!, iliyomhusu mpelelezi Frank Drebin, aliyeigizwa na Leslie Nielsen. Zilitengenezwa sehemu sita tu. Nne zikarushwa, kipindi kikakatwa, na mbili zilizobaki zikatolewa miezi michache baadaye kama mtu anayemaliza kiporo. Na sababu ilikuwa nini? Mkubwa wa vipindi wa kituo hicho alieleza kwamba mtazamaji alilazimika kuitazama ili aifurahie.

Mnacheka, lakini mtu yule alisema ukweli wa biashara yake. Runinga ya sebuleni, iwe ya California au ya mtaa wa Umoja hapa Nairobi, mara nyingi husikizwa kuliko inavyotazamwa. Mzaha wa Police Squad! ulikuwa wa macho: mwanzoni mwa kila sehemu jina lililoandikwa kwenye skrini lilikuwa moja na jina lililosomwa na mtangazaji lilikuwa jingine, na mgeni mashuhuri wa siku hiyo aliuawa kabla hata majina ya waigizaji hayajamalizika kupita. Anayekatakata sukuma wiki jikoni hayaoni hayo. Miaka sita baadaye, mwaka 1988, mpelelezi yuleyule, mwigizaji yuleyule na mizaha ileile vilipelekwa katika ukumbi wa giza ambamo mtu amelipa tiketi na hana pengine pa kutazama. Filamu hiyo, The Naked Gun, ilipata zaidi ya dola milioni 78 katika kumbi za Marekani peke yake, ikazaa nyingine mbili mwaka 1991 na 1994, na mwaka 2025 ikarudi tena ikiwa na mwigizaji Liam Neeson. Je, kilichokufa mwaka 1982 kilikuwa hadithi, au kilikuwa kiti ambacho hadithi ilikalishwa?

Sisi tulianzia Jumanne, baada tu ya taarifa ya habari. Kisha tukahamishiwa Jumapili saa nne za usiku, saa ambayo watu wanapiga pasi sare za shule. Kisha kampuni moja ya sabuni ikaondoa matangazo yake. Habari ya kukatwa ilimfikia mtayarishaji wetu kwa ujumbe wa simu tukiwa Kariokor, taa zimeshawekwa, na mama wa chakula ameshapika pilau ya watu 34. Tuliila ile pilau kimya. Nimekula matanga yenye kelele kuliko ile.

Lakini sikuja kulalamika. Nimekuja kuuliza swali ambalo hakuna aliyeniuliza nilipokuwa na umri wenu: mpelelezi ni wa nani?

Tumtazame Veronica Mars. Mwandishi Rob Thomas ndiye aliyembuni msichana huyo wa shule ya sekondari katika mji wa kubuni wa Neptune, California, ambaye akitoka darasani humsaidia babake katika ofisi ya upelelezi. Tamthilia ilianza mwaka 2004 katika kituo cha UPN, ikamalizia kwa CW mwaka 2007, misimu mitatu, sehemu 64. Katika sehemu ya mwisho babake anagombea cheo cha mkuu wa polisi wa eneo lao huku akikabiliwa na mashtaka kwa kosa alilolitenda ili kumkinga bintiye, na binti huyo anampigia kura, kisha anatoka nje na kutembea peke yake mvuani. Hatujui kama mzee alishinda. Watazamaji walituma kituoni chokoleti za Mars kwa maelfu wakiomba kipindi kilichokatwa kirudishwe, na hakikurudishwa.

Sasa sikilizeni. Mwandishi alikuwapo. Mwigizaji, Kristen Bell, alikuwapo na alikuwa radhi. Watazamaji walikuwapo, na chokoleti zao. Kwa nini basi ikachukua miaka saba kupata filamu? Kwa sababu Veronica hakuwa wa Thomas. Alikuwa mali ya Warner Bros., na bila ridhaa ya kampuni hiyo Thomas hangeweza kumwandikia hata dakika moja ya sinema. Mzazi alihitaji kibali cha kumtembelea mtoto.

Hapa kwetu je? Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 2001, katika kifungu cha 31, inasema kwamba kazi iliyoagizwa na mtu, au iliyotengenezwa na mwajiriwa akiwa katika kazi yake, hakimiliki yake huhesabiwa kuwa imehamia kwa yule aliyeagiza au kwa mwajiri, isipokuwa kama pande mbili zimekubaliana vingine. Yasomeni tena maneno ya mwisho. Kama mmekubaliana vingine. Na ninyi huwa mnakubaliana vingine? Ama huwa mnatia sahihi?

Mimi nilitia sahihi. Nilitia sahihi katika mkahawa mmoja wa Tom Mboya Street, kwa robo saa, nikiwa nawaza kodi ya nyumba ya miezi miwili, na kalamu niliazima kwa mhudumu. Baada ya tamthilia kukatwa nilienda kituoni kuomba nimchukue Inspekta wangu. Afisa aliyenipokea alikuwa mtu mwungwana. Aliniagizia chai, akatoa faili, akanisomea taratibu kama anayemsomea mgonjwa majibu ya maabara: hadithi na wahusika wote, katika namna zote zilizopo na zitakazobuniwa, ni mali ya kituo. Chini yake palikuwa na jina langu kwa mwandiko wangu. Hata lile koti la kijivu la Inspekta, ambalo dada wetu wa mavazi alilinunua katika soko la mitumba la Gikomba kwa shilingi 600, lilikuwa katika orodha ya mali zao, nambari yake imeshonewa ndani ya kola.

Nilimwuliza wakili: nikimwandika mama mwingine, mpelelezi, mwenye thamosi? Akanijibu kwamba wazo halifungiwi kabatini. Mama mpelelezi anayekunywa chai ni wa kila mtu. Lakini huyu mwenye jina hili, ofisi hii, aliyestaafishwa kwa kisa hiki, huyu ni wao. Wapo wenzetu ambao hubadilisha jina na kuendelea. Siwahukumu, ila mimi sikuweza. Mohamed Said Abdulla, mwandishi wa riwaya za upelelezi wa Zanzibar, alitupa mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, na msomaji aliyekutana naye katika kisa kimoja alimtambua katika kingine bila kutambulishwa tena. Mpokonye kiko, mpe jina jingine, umwambie msomaji kwamba ni yuleyule. Atakuamini?

Kwa hiyo nawasihi vijana, kabla hamjaazima kalamu ya mhudumu, ombeni mambo mawili. Haki ya filamu itajwe peke yake, isimezwe ndani ya haki ya runinga. Na kuwe na muda: kituo kikikaa miaka mitatu bila kuitumia kazi, haki irejee kwa mwandishi. Mtaambiwa hapana. Ombeni hata hivyo, kwa sababu mimi sikuambiwa hapana, sikuomba.

Sasa pesa, najua ndizo mlizokuja kuzisikia. Tarehe 13 Machi 2013, baada ya Warner Bros. kukubali kwamba watazamaji wakithibitisha kwa mifuko yao filamu itatengenezwa, Thomas na Bell walifungua mchango katika mtandao wa Kickstarter wakiomba dola milioni 2 kwa siku 30. Zilitimia kabla ya saa 12 kwisha. Mchango ulipofungwa, watu 91,585 walikuwa wametoa dola milioni 5.7. Gawanyeni wenyewe: ni wastani wa dola 62 hivi kwa mtu. Sisi watu wa harambee tunalijua jambo hili tangu zamani, ila hatukujua kwamba linaweza kumtoa mpelelezi kaburini.

Lakini wachangiaji wale walinunua nini? Hisa? Hapana. Hata senti ya faida haikuwa yao. Faida ilikuwa ya kampuni. Aliyetoa dola 10 aliahidiwa nakala ya skripti, wa 25 akaongezewa fulana, wa 35 nakala ya filamu ya kupakua mtandaoni, na mmoja aliyetoa dola 10,000 akapewa sentensi moja ya kutamka ndani ya filamu. Kulikuwa na waliosema ni aibu mtazamaji maskini kuichangia kampuni tajiri. Mimi nasema hawakuichangia kampuni. Walikuwa wakilipia jibu.

Na anayelipia jibu ni mkali. Nimewahi kuwa mweka hazina wa harambee za arusi na za hospitali, na aliyetoa shilingi 200 ndiye aliyeuliza habari za sahani yake kuliko aliyetoa 20,000. Filamu ilipotoka tarehe 14 Machi 2014, katika kumbi zisizofika 300 na majumbani siku hiyohiyo, wachangiaji wengi walikuta nakala yao imepitishwa katika huduma ambayo hawakuizoea na ambayo iliwasumbua kufungua. Walipiga kelele hadi kampuni ikajitolea kuwarudishia pesa wale waliolazimika kuinunua kwingine. Filamu ilipigwa kwa siku 23 na ikawafurahisha wengi wao, lakini siku ya kwanza mazungumzo yakawa ya kupakua.

Mimi pia nilijaribu. Tulikuwa na kundi la WhatsApp la mashabiki mia nne na zaidi. Nikatangaza, tukafungua nambari ya paybill ya kupokea michango kwa simu, ahadi zikafika shilingi milioni moja na laki moja. Zilizoingia zilikuwa 86,000. Na kosa langu halikuwa kuamini ahadi. Kosa langu, na nalisema mbele yenu, ni kwamba nilikuwa nachangisha kwa ajili ya mpelelezi ambaye si wangu. Sikuwa nimepata ridhaa ya kituo. Wakili aliponieleza, nilizirudisha pesa mtu mmoja mmoja, ada za kutuma zikitoka mfukoni mwangu, jioni tatu mfululizo nikibonyeza nambari hadi kidole kikaota malengelenge. Mama mmoja wa Nakuru alinirudishia 500 zake papo hapo, na ujumbe: "Hizi si za filamu. Ni za ile simu."

Nikija kwenye uandishi, hapa nitakuwa mfupi, kwa kuwa wengi wenu mnaandika kunishinda. Filamu si sehemu tatu za tamthilia zilizofungwa kwa kamba. Katika runinga mpelelezi wetu alikuwa na kesi ya wiki, inayoisha, na kesi ya msimu, inayotambaa chini yake. Katika ukumbi kuna kesi moja, na lazima ifungwe kabla taa hazijawaka.

Filamu ya Veronica Mars ilianza kwa masimulizi mafupi ya yaliyopita, ili mgeni asipotee, halafu ikampeleka Veronica kwenye sherehe ya miaka kumi tangu wamalize shule. Kama shabiki nilifurahi. Kila uso niliouzoea ulipita mbele yangu. Kama mwandishi niliona kesi ya mauaji imekalishwa barazani, ikisubiri wageni wamalize kuamkuana. Twin Peaks, tamthilia nyingine ya upelelezi ya Marekani, ilifanya kinyume kabisa. Mwaka 1991 ilikatizwa huku mpelelezi Dale Cooper amenaswa katika ulimwengu mwingine na pacha mwovu mwenye sura yake akicheka mbele ya kioo kilichopasuka. Watu wanauliza, Cooper atatokaje? Mwaka uliofuata ikaja filamu, nayo ikarudi nyuma kusimulia siku za mwisho za msichana ambaye kila mtu alikwisha kujua kwamba ameuawa. Cooper alionekana kidogo tu. Ilipokewa vibaya katika tamasha la filamu la Cannes, ingawa leo wako wengi wanaoiheshimu, nami ni mmoja wao. Jibu la Cooper lilingoja hadi mwaka 2017.

Mmoja aliwapa wageni wote chai, mwingine alifunga mlango. Mimi nimechagua simu. Katika skripti yetu filamu inaanza pale pale: thamosi, simu, chai inayomwagika. Aliyepiga ndiye kesi. Mgeni hahitaji kujua misimu miwili ili aelewe kwamba mwanamke huyu ameogopa. Nilimsomea kurasa kumi za kwanza shemeji yangu, ambaye hajawahi kutazama hata dakika moja ya tamthilia yetu, akanikatiza, "Mbona chai inamwagika na hakuna anayemwambia?" Nikafunga skripti, nikajua tumeshika njia. Na miaka sita hatuifichi. Mwigizaji wetu sasa ana goti linalouma, na zile ngazi za Kirinyaga Road hatampandisha kijana badala yake. Atapanda mwenyewe, polepole, akipumzika katikati.

Lipo jambo moja linalowagombanisha wenzetu. Mwaka 2019 Veronica Mars ilirudi tena, sehemu nane katika mtandao wa Hulu, na mwishoni Logan, yule kijana ambaye mashabiki wengi walitamani aishi naye, akauawa kwa bomu muda mfupi baada ya kumwoa. Thomas alieleza kwamba alitaka kuendelea na hadithi za upelelezi, si za mapenzi. Wapo wachangiaji wa mwaka 2013 waliohisi wamesalitiwa. Je, mchangiaji ana haki juu ya hadithi? Nimelifikiria sana. Naona ana haki ya kupata jibu. Hana haki ya kulichagua. Lakini mwandishi anayemwua mhusika aliyelipiwa na watu elfu tisini asishangae simu yake ikilia usiku kucha.

Sisi tumefika hapa: mwezi uliopita kituo kilituandikia kwamba kitatupa haki ya filamu moja kwa miaka miwili, kwa ada ambayo tumeipunguza mara mbili na bado inauma. Koti limo ndani ya makubaliano. Pesa za kupiga picha hatuna, na safari hii hatutafungua paybill hadi sahihi zote ziwe zimekauka.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nitapokea maswali, hata ya pesa, hata ya mkataba wangu wa robo saa, isipokuwa moja. Naona kule nyuma, karibu na mlango, kuna mkono ulioinuliwa tangu nilipoanza kuzungumza. Namfahamu mwenye mkono huo. Nimemleta mwenyewe kwa gari langu, na leo lango linalindwa na mwenzake. Mzee wangu, teremsha mkono.